Mapendo ya Kurasa Sitini na Nne

Hadithi ya kwanza ya mapenzi niliyopata kuisoma ilikuwa imefungia karanga. Nilikuwa msichana wa kambini, Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, Tanzania, ambako wengi wetu wa Uvira na Fizi, mashariki ya Kongo, tulikulia baada ya vita vya 1996 kutuvusha Ziwa Tanganyika. Mama mmoja aliuza karanga za kukaanga kwenye njia ya kwenda kuteka maji. Karatasi zake zilikuwa magazeti ya Dar es Salaam yaliyokwisha kusomwa huko mjini, yamekatwa vipande na kukunjwa pembe. Nilimaliza karanga, nikakunjua karatasi, nikamkuta mwanamke amesimama mbele ya mlango wa hoteli, ameshika barua, anaisikia sauti ya mchumba wake ndani. Akanyoosha mkono afungue. Hapo ndipo mkasi wa mama karanga ulipopita.

Kesho yake nilirudi na sarafu nyingine, na kesho kutwa pia, nikazichambua pembe moja moja mpaka yule mama akanifukuza. Kipande kile sikukipata. Usiku nililala nikimfungulia mlango yule mwanamke kwa namna mbalimbali: mara anamkuta mchumba na ndugu yake wa damu, mara anakuta chumba kitupu na redio inaongea peke yake. Kazi ninayoifanya leo niliianza usiku ule, bila kalamu.

Ukubwani nikaja kujua mtindo ule ulikotoka. Magazeti ya Tanzania ya miaka ile, hasa yale ya kampuni ya Global Publishers ya Eric Shigongo, kama Uwazi, Ijumaa na Risasi, yaliuza hadithi kwa vipande: wiki hii mlango, wiki ijayo kilichomo ndani. Shigongo mwenyewe aliandika nyingi, nyingine zikakusanywa zikawa vitabu, na mwaka 2020 wananchi wa Buchosa wakamchagua kuwa mbunge wao. Chini ya kila kipande kulikuwa na neno moja, Itaendelea, na neno hilo liliwafanya watu wasiokuwa na pesa ya kitabu watoe pesa ya gazeti kila wiki kwa miezi.

Leo naishi Kilibula, mjini Uvira. Nimetoa vitabu vitatu vya mapenzi kwa Kiswahili, na mchapishaji wangu ni mimi mwenyewe.

Wasomaji huniuliza juu ya mapenzi. Juu ya karatasi hawaniulizi, na karatasi ndiyo inayoamua mambo mengi. Karatasi ya A4 ukiikunja katikati inakupa kurasa nne, kwa hiyo kitabu cha namna yetu kinakwenda kwa nne nne: 56, 60, 64. Hakuna kitabu cha kurasa 61. Hadithi ikiisha ukurasa wa 61, utabaki na kurasa tatu tupu, na kwenye fotokopi utazilipia vilevile, kwa sababu kila moja imepanga upande mmoja na ukurasa wenye maandishi. Ukurasa wa 1 hukaa ubavuni mwa wa 64, wa 2 ubavuni mwa wa 63, hivyo hivyo mpaka 32 na 33 zinapokutana katikati. Safari ya kwanza nilikosea karatasi moja. Niligundua nikiwa nimekwisha kushona nakala thelathini, nikakaa siku mbili nafumua.

Nasema kushona kwa sababu mashine ya kubania pini ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Natumia sindano ya gunia na uzi wa nailoni ambao wavuvi wanashonea nyavu. Unadumu kuliko pini, haushiki kutu, na vitabu vyangu vikikaa karibu na mizigo ya ndakala, dagaa wa ziwa letu, vinapata harufu ambayo nimeacha kuipiga vita.

Hesabu ya kitabu cha tatu ni hii. Karatasi 16, pande 32, kila upande franka 100: inakuwa 3,200. Jalada la karatasi ngumu, 300. Nauza 5,000. Mama anayeniwekea mezani pake sokoni anachukua 500, kwangu inabaki 1,000. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 50, na zilipokwisha zote nikawa na franka 50,000, dola zipatazo 20 za Marekani kwa bei ya wakati ule, kwa hadithi iliyonichukua miezi saba. Nilikwenda Bujumbura kuuliza bei ya mashine kubwa ya uchapaji. Kwa nakala moja, bei inashuka vizuri sana, lakini hawawashi mashine chini ya nakala 500, na pesa ya nakala 500 kwa mkupuo mmoja sijawahi kuishika.

Kitabu cha pili kilikuwa kiwe kingine. Nilikuwa nimekiandika kwa mkono, madaftari matatu, nikayaweka kwa dada yangu karibu na mto Mulongwe kwa sababu nyumba yake ilikuwa kavu kuliko yangu. Usiku wa Aprili 2020 mvua ilinyesha milimani, mito ikavunja kingo, na Uvira ikaamka na matope, maiti na maelfu ya watu wasio na nyumba. Dada na watoto walitoka salama. Ilipita zaidi ya mwezi ndipo nilipokumbuka madaftari, na nilipoyakumbuka niliona haya hata kuyataja. Tangu hapo naandikia kwenye simu, sura kwa sura, na kila sura nikiimaliza namtumia dada huyo huyo.

Je, ni aibu mwandishi kujichapisha? Niliwahi kuambiwa na mtu wa vitabu, tena mtu mwema, kwamba niende nikatafute mchapishaji wa kweli. Nikasoma, nikakuta ukoo wangu ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Hapa kwetu Kongo alikuwapo Zamenga Batukezanga, mzaliwa wa Luozi mwaka 1933, aliyefariki mwaka 2000. Vitabu vyake, kama Carte postale cha 1974, vilikuwa vyembamba, vya Kifaransa chepesi, na vilisomwa na watu ambao maprofesa hawakuwahesabu kuwa wasomaji. Vingi vilitoka kwa mapadri wa Saint-Paul Kinshasa, kisha akaanzisha nyumba yake mwenyewe akaiita Zabat, herufi za jina lake. Ng'ambo, Dar es Salaam ya miaka ya 1980, wakati karatasi ilipokuwa haba na mashirika ya serikali yakihangaika kuchapa hata vitabu vya shule, riwaya pendwa zilibebwa na vikampuni vya waandishi wenyewe. Kajubi Mukajanga alitoa Kitanda cha Mauti na Mpenzi kupitia Grand Arts Promotions. Ni mtu huyo huyo aliyekuja kuwa katibu mtendaji wa Baraza la Habari Tanzania. Ben Mtobwa akawa na Heko. Vitabu vyao vilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakaisha.

Waliojaribu jambo hili kwa mtaji wapo pia. Mwaka 1998 huko Abidjan, Nouvelles Éditions Ivoiriennes walianzisha mfululizo wa Adoras: mapenzi ya Kiafrika, kwa Kifaransa, wahusika wenye majina yetu na vyakula vyetu. Huko Nigeria, Cassava Republic walianzisha Ankara Press mwaka 2014, na mwaka uliofuata, siku ya Valentine, wakatoa bure mkusanyiko wa hadithi za mapenzi pamoja na tafsiri za lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Na nani asiyejua kwamba biashara hii ni kubwa? Harlequin ya Kanada iliuzwa mwaka 2014 kwa dola za Kanada milioni 455. Nilipoisoma namba hiyo nilikuwa nimekaa chini nashona nakala ya 22.

Hao wote nawaheshimu. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa na tatizo langu kubwa, ambalo ni lugha. Na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo.

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa la Kongo, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba, lakini karatasi zetu ni za Kifaransa. Cheti, barua ya ofisi, mtihani, hukumu ya mahakama. Hapa Uvira kijana akimpenda msichana anamtongoza kwa Kiswahili, wanagombana kwa Kiswahili, wanaombana msamaha kwa Kiswahili. Siku wakitaka kuandikiana, kijana anatafuta Kifaransa cha darasa la sita, na barua inatoka na ubaridi wa tangazo la serikali. Nimeziona barua hizo. Nimewahi kuombwa nizitafsiri na wasichana waliozipokea, na mara nyingi nilipozigeuza Kiswahili msichana alikaa kimya kidogo, kisha akasema: kumbe ndivyo alivyokuwa anasema?

Basi nikasema nitaandika kwa Kiswahili. Kiswahili kipi? Nililelewa na kambi, ninacho cha vitabu, cha redio za Tanzania. Wasomaji wangu wana cha hapa. Tanzania watu wana mapenzi. Sisi tuna mapendo, neno moja kwa Mungu, kwa mama na kwa mchumba, na tunawapa hata watoto wa kike wawe nalo jina. Hapa mwanamume akisema bibi yangu, anamtaja mkewe. Nakala chache za kitabu changu cha kwanza zilivuka hadi Kigoma na mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, na msomaji mmoja akanirudishia ujumbe: hadithi ni nzuri, ila kwa nini yule kijana anambusu bibi yake hivyo? Alidhani ni nyanya. Nilikaa na swali lile wiki nzima. Ningeweza kubadilisha neno, ikawa mke, Kigoma wakafurahi. Lakini mwanamke wa Kilibula akiitwa bibi na mume wake mbele ya watu, kuna joto ndani ya neno lile, ni kama kuvalishwa kitenge kipya.

Nilichokiamua ni hiki: msimulizi wangu anasema Kiswahili ambacho Kigoma na Mombasa watakielewa, wahusika wangu wanasema cha Uvira. Wakiitana sheri ya Kifaransa, wanaitana sheri. Kijana akiimba mstari wa Lingala kwa kuwa nyimbo za Kinshasa ndizo zilizomfundisha kupenda, namwachia. Kwa hiyo kuanzia kitabu cha pili, bibi amebaki bibi, na sura ya kwanza inamwonyesha akipikia watoto wake ugali, ili Kigoma wasipate tabu tena. Wapo wanaosema nachafua lugha. Mimi nadhani lugha ambayo watu wanaoana kwayo haiwezi kuwa chafu, na nitalisema hilo mbele ya profesa yeyote.

Hata visa havivuki mpaka kirahisi. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikutolewa. Kwetu, Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka mahari, ile tunayoiita dote, na inasema ili ndoa ifungwe lazima angalau sehemu yake iwe imetolewa. Sehemu! Neno hilo dogo linaniendesha maisha. Sehemu ni ngapi? Ng'ombe mmoja kati ya wanne? Dola mia kati ya elfu? Baba mdogo anayeishi Bukavu, ambaye hakuwahi kununua hata daftari la huyo msichana, ana sauti gani katika kuihesabu? Riwaya ya Uingereza inaweza kuuliza kama mwanamume anampenda kweli. Wasomaji wangu hilo wanalijua tangu ukurasa wa tano. Kinachowakosesha usingizi ni kikao cha wazee kwenye ukurasa wa arobaini.

Kitabu cha tatu kimesimama hapo. Msichana anauza ndakala. Kijana ni fundi wa injini za boti kule bandarini Kalundu. Wanapendana bila shaka yoyote. Wajomba wanapandisha dote kila mara boti moja inaporudi salama. Nilikimalizia pale kijana anapopata mkopo, wajomba wanalegea, harusi inafungwa. Ukurasa wa 61.

Mzee mmoja wa kanisa letu alinisimamisha nje baada ya ibada, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mama, haya mambo unayoyaandika, umeyaonea wapi?" Nikamjibu: "Papa, nimeyaonea nyumbani, kwa baba na mama yangu." Ilikuwa kweli. Kambini, chini ya hema la plastiki, watu saba ndani, baba yangu alikuwa akimwachia mama kipande cha mwisho cha muhogo na kusema ameshiba. Sijaandika kitu cha faragha kupita hicho. Mwanamke anayeandika mapenzi huku anapimwa mwili wake kwanza, kisha ndipo sentensi zake zisomwe, ikiwa zitasomwa. Mume wangu aliulizwa kazini kama ananiruhusu. Sheria iliporekebishwa mwaka 2016 iliondoa ile ruhusa ya mume ambayo mke alidaiwa ili afunge mikataba, lakini jirani hawasomi gazeti la serikali, na mume wangu aliwajibu tu kwamba yeye ndiye anayenikatia nyuzi.

Swali jingine linaniuma zaidi, kwa sababu linaulizwa na watu ninaowapenda. Unaandikaje mapenzi na bunduki zinalia kwenye bonde la Ruzizi? Barabara ya Bukavu ikifungwa, karatasi inapanda bei, na mtu anayenunua kitabu badala ya unga anaonekana hana akili. Mimi nimekimbia vita nikiwa mtoto na nimeisikia mingine nikiwa mama. Vitabu na filamu kuhusu mashariki ya Kongo vimejaa wanawake, na karibu wote wameingia humo kwa sababu ya walichofanyiwa. Ni haki hayo yasemwe, yasemwe kwa sauti. Lakini nimesoma vingi nikitafuta mwanamke wa Uvira anayechagua kitenge kwa sababu kuna mtu atamwona nacho Jumapili, sijampata. Anapita mbele ya nyumba yangu kila Jumapili.

Kwa hiyo nina sheria moja: wapenzi wangu hawafi. Mwanzoni niliiona ni udhaifu, nikajaribu kumzamisha kijana wa kitabu cha kwanza, maana ziwa letu ni refu kilomita 673 na halijawahi kukosa upepo wa kisingizio. Nilimsomea sura hiyo mama anayeniuzia vitabu sokoni. Yeye alipoteza mume majini. Aliacha kufunga ndakala kwenye mafungu, akaniambia: "Huyo mrudishe." Nikamrudisha.

Mama huyo ndiye aliyenifundisha pia kalenda ya biashara. Ndakala huvuliwa usiku kwa taa, nazo taa hazivuti samaki mwezi mpevu unapong'aa. Siku za mbalamwezi wavuvi wanakaa nchi kavu, pesa inakauka mjini, na mtu anayeuza kitabu anapoteza sauti bure. Mwezi ukiondoka, mitumbwi ikitoka, wake zao wanabaki na usiku mrefu, na asubuhi wana franka. Hapo ndipo naleta chapa mpya. Mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, nilikuwa nimechapa nakala 40 mwanzoni mwa Mei. Ziliniangalia chini ya kitanda mpaka mwisho wa Agosti.

Na kitabu kimoja hakisomwi na mtu mmoja. Nimefuatilia nakala moja ya kitabu cha pili: ilipitia nyumba tisa ninazozijua, ikavuka daraja, ikarudi bila jalada. Kwa pesa ni hasara ya nakala nane. Bado sijaweza kuisikitikia. Ninachosikitikia ni kibanda kimoja cha fotokopi ambacho, nilikuja kujua, kilijichapia nakala zake usiku wa siku niliyowaachia kurasa zangu, kikaziuza 3,500. Sasa nasimama pale pale mashine inapofanya kazi, naondoka na kila karatasi, hata zilizoharibika.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni, mama yule akanitolea nakala ya kitabu cha tatu iliyorudishwa. Aliyeirudisha ni msichana anayebeba mizigo bandarini Kalundu, alisema nipewe mimi mkononi. Nilidhani ana malalamiko ya kurasa kukosewa. Nikafungua mwishoni. Zile kurasa tatu tupu, 62, 63 na 64, zilikuwa zimejaa wino wa buluu mpaka ukingoni, mwandiko mdogo wa mtu anayejua karatasi ni ghali.

Alikuwa ameitupa harusi yangu. Kwake, kijana hakupata mkopo. Msichana wa ndakala ndiye aliyekuwa akiweka akiba, mafungu mawili kila usiku wa giza, kwa miaka miwili, kwenye kopo la maziwa. Anampa kijana pesa zile gizani, kijana anazipeleka kikaoni kama zake, wajomba wanazihesabu mara tatu. Wanawake wote chumbani wanaijua harufu ya noti zile, harufu ya ndakala, na hakuna anayesema neno. Mama wa msichana anafungua dirisha.

Nilisoma nimesimama, watu wananipita na vikapu. Kisha nikamtafuta mpaka nikampata, jioni, anapumzika juu ya magunia. Nikamwambia nataka kuchapa tena, na nataka mwisho wake uwe ndio mwisho. Akaniangalia, akaangalia kitabu.

"Na mimi nitapata ngapi?"

Sikuwahi kulipa mwandishi maishani mwangu. Tulikaa pale mpaka taa za kwanza zikawaka majini. Alianza na nakala kumi, mimi nikaanza na tatu. Tulikubaliana sita, na jina lake kwenye jalada, chini ya langu, kwa herufi za ukubwa ule ule.